Kuvuna Bangi ya Nyumbani kwa Mara ya Kwanza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa watu wazima wanaoishi mahali ambapo sheria inawaruhusu kupanda bangi nyumbani kwa matumizi yao wenyewe. Mimi naishi Ujerumani, kwa hiyo mifano mingi ni ya roshani za ghorofani na mvua za Septemba za huku. Maswali mengi ninayoulizwa na Waswahili wenzangu msimu unapoelekea kuisha yana mzizi mmoja: mtu amelea mmea kwa miezi, kisha anaukata wiki mbili kabla ya wakati kwa sababu pakiti ya mbegu ilisema "wiki nane". Pakiti haijui mmea wako umepata jua kiasi gani. Jibu liko kwenye ua, na ua lina namna yake ya kujieleza. Ukishajifunza kulisoma, mengine yote yanakuwa mepesi.

Kabla ya yote: je, ninaruhusiwa?

Usipite hapa kwa haraka, maana ukikosea hapa huwezi kurekebisha baadaye.

Ujerumani, tangu tarehe 1 Aprili 2024, mtu aliyetimiza miaka 18 anaweza kuwa na mimea mitatu kwa wakati mmoja, mahali anapoishi. Tia mkazo kwenye "mahali anapoishi". Zile bustani za kukodi ambazo watu wa mjini hulima viazi na maua wikiendi hazihesabiki, kwa sababu huishi pale. Mimea lazima iwe mahali ambapo watoto na watu wengine hawaifikii, na mavuno ni yako peke yako: kumgawia rafiki, hata bure, hakuruhusiwi.

Kanada ilifungua mlango tarehe 17 Oktoba 2018, mimea minne kwa nyumba nzima. Hiyo ni kwa nyumba, si kwa kila mtu, kwa hiyo nyumba ya watu wazima watatu bado ni mimea minne. Quebec inakataza kupanda nyumbani, na Mahakama ya Juu ya Kanada iliunga mkono katazo hilo mwaka 2023. Afrika Kusini, Mahakama ya Katiba iliruhusu matumizi na kilimo cha faragha mwaka 2018. Uingereza bado ni kosa.

Marekani ndiko kwenye mtego. Minnesota, ambako ndugu zetu wengi kutoka Afrika Mashariki wanaishi, inaruhusu mimea minane kwa nyumba tangu Agosti 2023, isiyozidi minne ikiwa imekomaa. Lakini sheria ya shirikisho bado inakataza, na uhamiaji unafuata sheria ya shirikisho. Kama huna uraia wa Marekani, kupanda au kutumia bangi kunaweza kukukosesha kadi ya kijani au uraia hata kama jimbo lako limeruhusu na hata kama hujawahi kukamatwa. Kukiri tu mbele ya ofisa wakati wa usaili kunatosha kukuletea shida. Kwa mtu aliye kwenye foleni ya uraia ushauri wangu ni mmoja: usipande kabisa.

Na kwa msomaji aliyeko Dar, Mombasa au Kigali: kupanda nyumbani ni kosa la jinai lenye kifungo. Maelezo yaliyobaki hayakuhusu.

Kwa nini nisifuate wiki zilizoandikwa kwenye pakiti?

Zifuate kama makadirio ya kukuambia lini uanze kuchungulia. Aina nyingi zinazosikiliza urefu wa usiku, yaani huchanua usiku unaporefuka, huchukua wiki 8 hadi 10 tangu zianze kuchanua, na zile zenye asili ya ukanda wa joto zinaweza kwenda wiki 12 au zaidi. Muuza mbegu mara nyingi huhesabu tangu siku taa zilipobadilishwa kuwa saa 12 za mwanga na saa 12 za giza, ndani ya chumba chenye joto na mwanga wa kutosha. Wewe unahesabu tangu ulipoona nywele nyeupe za kwanza za ua, kwenye roshani inayopata jua kwa muda wa saa tano tu kwa siku. Hizo ni hesabu mbili tofauti, na zinaweza kupishana kwa wiki mbili au tatu.

Anayepanda nje Ujerumani au kusini mwa Kanada kwa kawaida huona maua yakianza mwishoni mwa Julai au Agosti na huvuna kati ya mwisho wa Septemba na Oktoba. Anza ukaguzi wa makini wiki mbili kabla ya tarehe ya pakiti, kisha sahau pakiti.

Nywele zimegeuka kahawia. Tayari?

Labda. Nywele ni dalili ya kwanza kwa sababu zinaonekana kwa macho, lakini ndizo zinazodanganya watu zaidi.

Ua changa lina nywele nyeupe zilizosimama wima. Linapokomaa, nywele zinabadilika kuwa za machungwa au kahawia na kujikunja kuelekea ndani, huku vile vifuko vya kijani vinavyozibeba vikivimba. Kama nywele nyingi bado ni nyeupe na zimesimama, weka mkasi chini, hakuna la kujadili. Zikifika theluthi mbili au robo tatu zimegeuka na kujikunja, ni wakati wa kuchukua lenzi.

Zinadanganyaje? Mvua kubwa huzigeuza rangi kabla ya wakati. Kuzishikashika pia. Chavua ya mmea dume ikizifikia, hunyauka na kuwa kahawia ndani ya siku chache kwa sababu kazi yake imekwisha, na mtu anafurahi kwamba ua limeiva kumbe linatunga mbegu. Binya kifuko kimoja taratibu: ukihisi kitu kigumu ndani, hiyo ni mbegu.

Kuna na uongo wa upande wa pili. Taa iliyo karibu mno au joto kali hufanya ua lililokwisha kukomaa litoe vichipukizi vipya vyembamba juu yake, vyenye nywele nyeupe. Mkulima mgeni anaona nyeupe, anasubiri, vinatoka vingine, anasubiri tena. Ukiona hivyo, acha vichipukizi hivyo na uangalie sehemu ya chini ya shada, ile ya zamani.

Hizo trikomi ni kitu gani, na naziangaliaje?

Hapa ndipo penye jibu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ukitazama shada lililokaribia kuiva utaona kama limenyunyiziwa chumvi. Chembe hizo ni tezi za utomvu, na wakulima huziita trikomi. Kila moja ina shingo nyembamba na kichwa cha mviringo juu yake. Ndani ya kichwa hicho ndimo mmea unamotengeneza na kuhifadhi sehemu kubwa ya kile unacholimia: asidi ambayo ikipata joto hugeuka kuwa THC, kemikali inayolevya, pamoja na mafuta yanayotoa harufu.

Vichwa hivyo hupitia rangi tatu. Kwanza vinaonyesha ng'ambo, ukivitazama unaona nuru ikipita. Kisha vinafunga weupe kama tui. Mwisho vinageuka rangi ya kaharabu, dhahabu inayoelekea kahawia. Vya kuonyesha ng'ambo maana yake bado. Vyeupe maana yake viko kileleni. Kaharabu maana yake kilele kimeanza kupita.

Kwa macho matupu huwezi kutofautisha. Tafuta lenzi ya kukuzia ya mara 30 hadi 60, ile ndogo wanayotumia masonara, ni ya bei nafuu. Hadubini ndogo ya kuchomeka kwenye simu au kompyuta ni bora zaidi, kwa sababu inakuwezesha kupiga picha na kulinganisha leo na juzi. Mkono ukitetemeka huoni kitu, hivyo egemeza kiwiko mezani, au kata kipande kidogo cha ua ukubwa wa ukucha, kiweke kwenye karatasi nyeupe na ukikague kwa utulivu. Kipande hicho hakitakufilisi.

Angalia kwa mwanga mweupe, wa mchana au wa tochi. Chini ya taa za zambarau au za njano kila kitu kinaonekana kaharabu, na watu wengi wamekata mmea mchanga kwa kosa hilo tu. Usiguse sehemu unayotaka kuipima, kwa sababu vichwa hivyo hupasuka kwa kidole.

Na jambo ambalo watu wengi hawaambiwi: angalia trikomi zilizo kwenye vile vifuko vilivyovimba vya ua, si zile za kwenye majani madogo yaliyochomoza kwenye shada. Za majani huwahi kugeuka kaharabu. Ukipima kwenye jani utavuna mapema na utaapa kwamba ulifuata maagizo yote.

Nisubiri kaharabu kiasi gani?

Kwa mara ya kwanza: vuna wakati karibu zote ni nyeupe, hakuna za kuonyesha ng'ambo isipokuwa chache, na moja kati ya kumi hivi imegeuka kaharabu. Hapo huwezi kupotea.

Wapo wakulima wanaosubiri hadi theluthi iwe kaharabu, wakisema bangi hiyo inalegeza mwili na kuleta usingizi. Kilicho wazi kikemia ni kwamba THC ikipigwa na hewa, mwanga na joto kwa muda huvunjika na kuwa CBN, kemikali yenye nguvu ndogo zaidi, na kwamba harufu nayo hupungua. Kuhusu usingizi, uzoefu wa watu unatofautiana mno kunifanya nikuambie usubiri kwa ajili hiyo, hasa ukiwa nje na Oktoba inabisha hodi.

Zikikaribia, kagua kila siku ya pili. Mabadiliko kutoka nyeupe hadi kaharabu yanaweza kuchukua wiki au zaidi kwenye baridi, na siku chache tu kwenye joto.

Mashada ya juu yako tayari, ya chini bado mabichi. Nifanyeje?

Hilo ni jambo la kawaida kabisa, maana ya juu yamekula jua zaidi. Kata ya juu, uyaache ya chini siku saba hadi kumi. Yakishapata mwanga yananenepa vizuri. Mkulima mgeni anadhani ni lazima akate mmea wote kwa mkupuo mmoja, na hakuna aliyemwambia hivyo. Kwa hiyo unapokagua, kagua sehemu tatu: kileleni, katikati na chini.

Majani mapana yanakuwa ya manjano. Mmea unakufa?

Kama uko wiki za mwisho, unamaliza kazi yake. Unavuta naitrojeni kutoka kwenye majani ya zamani na kuipeleka kwenye ua. Yataanza ya chini, yatanyauka na kudondoka.

Kama una wiki nne au tano mbele yako na manjano inapanda kwa kasi, hiyo ni njaa, lisha. Majani peke yake hayatoshi kukuambia uvune. Rangi ya zambarau inayotokea usiku ukiwa wa baridi nayo si dalili ya kuiva. Ni baridi na ukoo wa mbegu, basi.

Yangu ni ya aina inayochanua yenyewe bila kusikiliza mwanga. Kanuni ni zile zile?

Lenzi ni ile ile. Kalenda ndiyo inayobadilika: aina hizo nyingi humaliza kati ya wiki 9 na 12 tangu mbegu ichomoze. Ni fupi na hukomaa wakati wa kiangazi, kabla ya mvua, na ndiyo sababu ninampendekezea mtu wa roshani aanze nazo. Mara nyingi hukomaa kwa mafungu, hivyo usishangae kukuta kaharabu na nyeupe na za kuonyesha ng'ambo kwenye mmea mmoja. Fuata zilizo nyingi.

Mvua haikatiki na mmea bado haujaiva kabisa. Nikate au nisubiri?

Swali hili ndilo linalowanyima watu usingizi kila Septemba, na halina jibu la kitabu.

Adui ni ukungu wa kijivu, ule ule unaoozesha zabibu na stroberi. Unapenda ua nene, unyevu mwingi na ubaridi wa wastani, yaani hali ya hewa ya Ujerumani ya mwisho wa Septemba kama ilivyo. Unaanzia ndani ya shada, kwenye bua, ambako huoni. Dalili ya mwanzo ni ndogo sana: jani moja dogo katikati ya shada zuri linakuwa kahawia au manjano ghafla, wakati wenzake wote ni kijani. Livute. Likitoka bila ubishi, fungua shada hilo. Ndani utakuta bua limekuwa kahawia na laini, na manyoya ya kijivu. Ukipuliza, yanatoa vumbi, na vumbi hilo ndilo mbegu za ukungu, hivyo usipulize.

Kata shada lote pamoja na sentimita kadhaa chini ya sehemu iliyooza, litie kwenye mfuko papo hapo, funga, tupa. Futa mkasi kwa spiriti kabla ya kugusa shada jingine. Usijaribu kuokoa nusu iliyobaki kwa sababu inaonekana safi, na usiivute kamwe. Ukungu kwenye mapafu ni hatari, na kwa mwenye kinga dhaifu au pumu ni hatari zaidi.

Sasa hesabu yenyewe. Kama ukungu haujaonekana na utabiri unatoa mvua ya siku moja au mbili kisha jua, subiri: funika mmea kwa nailoni juu huku pande zikiwa wazi, au uingize ndani kama uko kwenye chungu, na asubuhi utikise mashina taratibu kuondoa umande. Kama utabiri ni wiki nzima ya mvua na trikomi nyingi zimeshakuwa nyeupe, kata. Kama umekuta ukungu sehemu mbili au tatu tofauti za mmea mmoja, kata leo, hata kama theluthi bado inaonyesha ng'ambo. Ua lililokatwa wiki moja mapema linatumika. Lililooza halitumiki.

Ndani ya nyumba unayo nafasi ya kuzuia haya yote: shusha unyevu wa hewa uwe chini ya asilimia 50 wiki za mwisho, na feni iwe inapuliza muda wote, upepo ukipita katikati ya majani bila kuyachapa.

Nimesikia ni lazima kumwagilia maji matupu wiki mbili, kisha kuweka mmea gizani siku mbili. Ni kweli?

Kupunguza mbolea mwishoni kuna mantiki, kwa sababu mmea unatumia kidogo na wewe unaokoa pesa. Lakini kuuacha na njaa wiki mbili nzima kwa imani kwamba "unasafishwa" hakujaonyesha faida iliyo wazi. Moshi mkali unaokwaruza koo mara nyingi umetokana na kukausha kwa pupa. Giza la siku mbili nalo ni mapokeo tu. Ukipenda kufanya, halidhuru, mradi chumba hicho hakina unyevu.

Kuna ubaya gani nikikata mapema kidogo? Nimechoka kusubiri.

Wiki mbili za mwisho ndizo ambazo ua hunenepa na harufu hukamilika. Ukikata kabla, unapata uzito mdogo, harufu ya nyasi, na nguvu pungufu. Hakuna dawa ya kulirudisha shinani. Ukichelewa wiki moja, unapoteza kidogo tu ya nguvu na harufu. Kwa hiyo kosa la kuwahi lina gharama kubwa kuliko kosa la kuchelewa, isipokuwa kama mvua na ukungu viko mlangoni.

Jambo jingine la kukumbuka kuhusu nguvu: bangi ya nyumbani haijapimwa maabara, kwa hiyo hujui ina THC kiasi gani. Anza na kidogo sana. Vijana, wajawazito, na mtu mwenye historia ya ugonjwa wa akili kwake au kwenye familia wana sababu nzito ya kukaa mbali nayo kabisa.

Siku ya kukata, nianze saa ngapi na niwe na nini?

Asubuhi, umande ukishakauka. Ndani ya nyumba, kabla taa hazijawaka. Siku hiyo udongo uwe mkavu mkavu, hakuna haja ya kumwagilia siku moja au mbili kabla.

Uwe na mkasi wenye ncha nyembamba, glavu, kamba, spiriti ya kufutia, na mahali pa kuanika palipokwisha kuandaliwa. Hili la mwisho ndilo watu husahau: wanakata kwanza, kisha ndipo wanazunguka nyumba nzima wakitafuta pa kuning'iniza, harufu imeshafika kwa jirani wa ghorofa ya juu. Fungua madirisha ya upande usio na watu au uwe na feni yenye kichujio cha mkaa.

Ondoa majani mapana mara moja. Yale madogo ya kwenye shada unaweza kuyapunguza sasa au baada ya kukauka. Hewa yako ikiwa na unyevu mwingi, yapunguze sasa ili ua lipumue. Hewa ikiwa kavu, kama nyumba za Ulaya zilizowashwa hita, yaache yalinde ua lisikauke kwa kasi.

Kukausha kunachukua muda gani?

Siku 7 hadi 14, gizani, nyuzi 16 hadi 20 za Selsiasi, unyevu wa hewa asilimia 55 hadi 60. Kipima unyevu cha bei ya chini kitakuondolea ubishi. Feni ipulize chumbani, isipulize maua.

Likikauka ndani ya siku tatu, limekauka nje tu na litanuka nyasi. Likifika siku ya 14 bado ni laini, ongeza hewa kabla ukungu haujaingia. Jaribio ni bua: pinda kijibua chembamba. Kikijikunja, bado. Kikivunjika kwa mlio, tayari.

Oveni, maikrowevu na jua la dirishani si njia za mkato. Vinaharibu ulichosubiri miezi yote hiyo.

Na kuvundika kwenye chupa?

Usiruke hatua hii. Maua makavu yajaze chupa ya kioo yenye mfuniko hadi robo tatu, usiyashindilie. Weka gizani. Wiki ya kwanza fungua kila siku dakika chache, geuzageuza, vuta harufu. Unyevu ndani ya chupa ukae kati ya asilimia 58 na 62. Ukipanda juu ya 65, yatoe yakae nje saa kadhaa. Harufu kali ya mkojo ni onyo kwamba yaliingia mabichi na yameanza kuharibika: yatoe upesi na uyakague moja moja.

Baada ya wiki mbili fungua mara moja au mbili kwa wiki. Mwezi mmoja ukipita, yale maua yaliyokuwa yananuka nyasi yatakuwa na harufu nyingine kabisa. Chupa ziwe kwenye kabati lenye kufuli. Mtoto hajui tofauti ya chupa hii na ya chai, na kwa mtoto mdogo kumeza kiasi kidogo tu kunaweza kumfikisha hospitali. Mbwa vilevile.

Nimepima mavuno, yamezidi nilivyotarajia. Kuna tatizo?

Ujerumani linaweza kuwepo, na linaanzia siku ya kupanda. Sheria inamruhusu mtu mzima kuwa na gramu 50 za bangi kavu nyumbani. Ikizidi hapo ni kosa la faini, ikizidi 60 ni kosa la jinai. Ua bichi hupoteza karibu robo tatu hadi asilimia 80 ya uzito likikauka, kwa hiyo gramu 250 mbichi zilizosafishwa zinakupa kati ya 50 na 62 hivi kavu. Mmea mmoja wa nje uliostawi unaweza kukupitisha mpaka peke yake, achilia mbali mitatu iliyoiva wiki moja.

Ndiyo maana siwashauri watu kupanda mitatu kwa pamoja. Panda mmoja wa aina inayochanua yenyewe, wiki sita baadaye mwingine, uvune kwa zamu. Utapata pia nafasi ya kutumia kwenye mmea wa pili ulichojifunza kwenye wa kwanza. Na kinachozidi kiwango hakigawiwi wala hakiuzwi. Kinaharibiwa.

Nimeona vitu vya njano vyenye umbo la ndizi ndogo kwenye ua. Ni ugonjwa?

Ni viungo vya kiume. Mmea jike ukipata msukosuko, kama mwanga kuvuja usiku au joto kali, au ukichelewa mno kuvunwa, unajaribu kujichavusha wenyewe. Vikiwa vichache na umebakiza wiki moja, ving'oe kwa kibanio chenye maji na uendelee kuangalia kila siku. Vikienea na trikomi ni nyeupe, vuna.

Niandike nini kwa ajili ya msimu ujao?

Tarehe ya nywele nyeupe za kwanza. Tarehe ya kuona trikomi nyeupe zikiwa nyingi, na ya kaharabu ya kwanza. Tarehe ya kukata kila sehemu, ya juu na ya chini. Mvua ilianza lini, ukungu ulionekana wapi kwenye mmea. Uzito mbichi na mkavu. Bandika jina la mbegu na tarehe ya kukata kwenye kila chupa, kisha baada ya mwezi andika chini yake ilivyonuka, na kama ungeivuna mapema au baadaye zaidi. Mbegu ile ile kwenye roshani ile ile itafuata ratiba inayokaribiana na hiyo mwaka ujao.